Likizo ya Walio Hai

Katika hospitali ile, ukitaka ruhusa ya kwenda kumwona mtu aliye hai, utasubiri mpaka uote mvi. Ukitaka ya kwenda kumzika, unaipata kabla hujamaliza kuomba. Hakuna aliyekaa chini akaamua iwe hivyo, mambo yalijipanga yenyewe tu. Mkataba unasema vizuri kabisa kwamba likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi, halafu mbele kidogo unaongeza: kwa kuzingatia mahitaji ya kazi. Sasa niambie, ni lini mahitaji ya kazi yaliwahi kupungua katika hospitali ya binafsi? Wagonjwa wakiwa wengi hakuna likizo, kwa sababu ni wengi. Wakiwa wachache hakuna likizo, kwa sababu mapato yameshuka, watu wamepunguzwa, na mliobaki mkaze buti.

Lakini watu si wajinga. Wodini walikuwa na neno lao, kuzika. Ukiuliza fulani yuko wapi, unaambiwa amekwenda kuzika, na anayekujibu anajitia kutazama dirishani. Kulikuwa na muuguzi mmoja mwanamume, mrefu hata akipita mlangoni anainamisha kichwa, wenzake wakambandika jina la Mlingoti. Huyo alimzika babu yake mzaa mama mara tatu. Alipokuja na msiba wa nne, Metroni, mkuu wa wauguzi, alimtazama juu ya miwani akamwuliza, "Huyo babu yako mbona hatulii?" Wodi nzima ilicheka, na utawala ukasikia. Ndipo walipokaza kamba. Tangu siku hiyo likizo ya msiba ikawa ya baba, mama, mume au mke, na mtoto wa kumzaa, basi. Shangazi, mjomba, babu, bibi, mama mdogo, hao wote wafe kwa raha zao, wewe uko kazini. Na atakayebainika amedanganya, kazi hana. Fundi wa maabara alimwaga unga siku ileile baba yake marehemu alipopiga simu mapokezi kumwulizia.

Mwanamke ninayemsema hapa hakuwa katika kundi la wazikaji. Wodini walimwita Zamu, maana kila aliyekwama alimkimbilia yeye amshikie zamu, na yeye hakujua kusema hapana. Mtoto wa mwenzake ana homa, Zamu atashika. Mwenzake ana uvivu tu, amelala hajitambui, Zamu atashika. Hakuolewa, hakuwa na mtoto, kwa hiyo wenzake waliona kama vile hana pa kwenda. Alikuwa na pa kwenda. Alikuwa na mama yake, safari ya kutwa nzima kwa basi, anayeishi na kaka mkubwa wa Zamu, na mama huyo moyo wake ulikuwa umechoka.

Nasema umechoka kwa sababu ndivyo Zamu alivyomwelezea kaka yake. Mwenyewe aliyajua majina yote ya ugonjwa ule na dawa zake zote. Mama alikuwa akivimba miguu, akipanda ngazi mbili anahema, na akilala chali anazama, ikabidi alale ameketi, mito mgongoni. Zamu alikuwa ameona wagonjwa wa namna ile wakiingia na wakitoka, na alijua wengi hutokaje. Hakujidanganya kwamba mama atapona. Alitaka jambo moja tu, akae na mama yake kabla hajafa. Kukaa naye akiwa anasikia na anajibu, amkande miguu, ampangie dawa, wagombane kidogo kuhusu chumvi.

Akaomba likizo. Metroni alimsikiliza vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Mwenyewe likizo zake zilikuwa zimelala miaka hata zimeoza. "Mwanangu, nakuelewa," alisema. "Ngoja kwanza wakaguzi wapite." Wakaguzi wakapita. "Ngoja yule aliye likizo ya uzazi arudi." Wa uzazi akarudi, akaondoka mwingine kwa uzazi. Zamu akapanda kwa afisa utumishi, kijana mmoja mwenye ofisi ya baridi na maneno matamu, akaambiwa ataangaliwa. Aliangaliwa kweli, kila akipita kwenye korido kijana alimwangalia akatabasamu. Zamu akawa mtu wa kupigwa danadana, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Siku moja asubuhi kaka yake alipiga simu, yeye akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anafunga vifungo vya sare.

"Mama amekuulizia tena," kaka alisema.

"Mwambie nakuja."

"Nimemwambia hivyo tangu lini? Sasa yeye mwenyewe kasema, kama kazi ni nyingi usijisumbue. Amesema nikwambie hajakasirika."

Hilo la kutokukasirika ndilo lililomchoma. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Akafungia simu kabatini, maana wodini simu hairuhusiwi, akaenda moja kwa moja kwa Metroni. Alikuwa amejiandaa kuomba upya, kwa adabu, kama siku zote. Metroni alikuwa amesimama kwenye kabati la dawa, anahesabu vichupa kwa midomo, hakugeuka.

"Kuna nini tena?"

Pengine angegeuka, maneno yangekuwa mengine. Zamu alifungua mdomo kusema mama anaumwa, na kilichotoka kikawa, "Mama amefariki."

Metroni aliacha vichupa. Alikuja akamkumbatia, akamkumbatia hasa, saa yake ya kubandika kwenye sare ikimchoma Zamu kifuani, na Zamu akaangua kilio. Hakikuwa cha uongo kile kilio. Machozi yalikuwa yamekaa miezi yakingoja ruhusa, na sasa yalipewa mlango. "Lia, mwanangu, lia," Metroni alisema, na yeye akalia, akamkumbuka wa kwake. Kabla jua halijapanda Zamu alikuwa amepewa ruhusa, amepewa bahasha ya rambirambi aliyoipokea kwa mikono miwili huku anatazama viatu vyake, na Mlingoti anamsindikiza getini na begi begani.

Pale getini Mlingoti aliinama, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli, dada, au unazika?"

"Ni kweli."

Mlingoti aliona aibu mpaka shingoni. "Nisamehe. Mdomo wangu huu. Pole sana, dada yangu." Akakaa hapo getini akimpungia mkono mpaka basi likakata kona.

Basi, akafika kwa marehemu, akamkuta ameketi kitandani anachambua nguo za kufua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani huyo? Nimeshasahau sura." Halafu akashika uso wa Zamu kwa mikono yote miwili, akaangalia upande huu na ule, akasema amekonda, huko mjini wanamlisha nini.

Zile siku zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Zamu alipanga dawa upya, akatupa zile zilizokwisha muda, akaficha chumvi, akagombana na kaka yake kwa kununua vya makopo. Miguu ya mama ikapungua. Akaanza kutembea mpaka uani bila kushikwa, akaketi pale anawasema wapita njia, mmoja mmoja, huyu mchoyo, yule kaoa vibaya. Jioni Zamu alimkanda miguu na mama alilala usingizi wa kukoroma. Ila simu kila ikilia, Zamu aliigeuza uso chini, maana zilikuwa pole za wenzake, na hakutaka mama ajisomee habari za kifo chake.

"Ruhusa umeipataje?" mama aliuliza siku moja.

"Wamenipa tu."

"Wana roho nzuri."

"Sana, mama."

Ruhusa ya msiba si ndefu. Alirudi kazini na pole nyingine zikimsubiri mlangoni, na kwa muda watu wakawa wapole kwake, hawakumwomba awashikie zamu. Metroni akamwachia chai ya asubuhi aimalize kabla ya kuitwa. Zamu aliinywa chai ile na ilimpalia kila siku. Alijiambia mambo yatapoa. Na yangepoa, kama mama angebaki vilevile kule nyumbani. Lakini moyo uliochoka hauna likizo pia, ukawa unarudi nyuma kidogo kidogo, na miguu ikajaa tena, na safari hii tumbo nalo.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na jambo moja jema. Mzazi wa mfanyakazi alitibiwa kwa nusu ya gharama, na mabingwa wa moyo walikuwa palepale. Kaka yake Zamu alilijua hilo, Zamu mwenyewe alikuwa amemwambia zamani, tena kwa majivuno. Kwa hiyo mama alipozidiwa, kaka hakuona la kuuliza. Alikodi gari alfajiri, akampakia mama na mito yake, akapiga simu ya Zamu njia nzima. Simu ilikuwa kabatini.

Mchana Mlingoti alimfuata wodini. "Dada, una wageni mapokezi. Wamekuja na mgonjwa."

Zamu alishuka ngazi. Aliwaona kabla hawajamwona. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, midomo ya bluu, kichwa kimeegemea pembeni, na aliyeshika kiti kile kwa nyuma, anamsukuma kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa Metroni.

"Nimewakuta wanakuulizia," Metroni alisema. "Mgonjwa wako huyu? Ni nani wako?"

Kaka alifungua mdomo. Zamu akamwahi.

"Mama mdogo. Mdogo wake marehemu mama."

Kaka alipigwa na butwaa, mdomo ukabaki wazi. Mama akainua macho polepole, akamtazama binti yake, akamtazama muda ambao kwa Zamu ulikuwa mrefu kupita kiasi. Metroni aliinama akamshika mama bega.

"Ndiyo maana mnafanana. Pole sana, mama, na msiba wa dada yako."

Mama alivuta pumzi, mara moja, mara ya pili, mpaka akapata ya kusemea. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Tumeshapoa."

Walimlaza kitanda cha dirishani, wodi ileile ya Zamu, wakamwekea hewa ya oksijeni. Muuguzi haruhusiwi kumhudumia mzazi wake, ndio utaratibu, lakini mama mdogo hakuna aliyemkataza. Zamu alivuta pazia, akaanza kutafuta mshipa mkononi mwa mama yake.

"Haya niambie," mama alisema ndani ya barakoa. "Nimekufa lini?"

Zamu akaeleza. Hakuficha, aliongea kwa kunong'ona, huku anabandika plasta, na hakuthubutu kuinua uso. Halafu mabega ya mama yakaanza kucheza, na Zamu akadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Kwa hiyo nimekuwa mdogo wangu mwenyewe. Mbona nimepungua umri." Akapumzika. "Walinililia?"

"Walilia, mama."

"Na wewe?"

"Nililia sana."

"Si haba," mama alisema, akafumba macho. Baadaye akiwa hajafumbua, akaongeza, "Usiwe na wasiwasi. Sitakuangusha."

Kaka ndiye hakucheka. Alimvuta Zamu mpaka mwisho wa korido, kwenye ndoo za kudekia, akamsema kwa meno yaliyofungwa.

"Umemuua mama kwa mdomo wako."

"Nilitaka kuja kumwona, kaka. Hawakunipa njia nyingine."

"Basi kaseme ukweli sasa hivi. Mzazi analipiwa nusu. Mama mdogo halipiwi kitu."

"Nikisema wananifukuza leo leo. Nusu hiyo ni ya mzazi wa mfanyakazi, kaka. Mimi nitakuwa mfanyakazi wa wapi?"

Kaka alishika kiuno, akatazama dari. Mwishowe Zamu akaweka mshahara wake dhamana, gharama zote zikatwe humo kwa muda wowote zitakaochukua, na mama akabaki kitandani.

Watu wengi humwita mama mdogo "mama" tu, na kama Zamu angefanya hivyo hakuna ambaye angeshtuka. Lakini mwenye hofu huzidisha. Yeye alitamka yote, kila mara, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho. Mama mdogo, umekunywa dawa? Mama mdogo, geuka kidogo. Na mama akaitika, "Abee, mwanangu," kwa upole uleule. Mara moja akamwambia mgonjwa wa kitanda jirani kwamba marehemu dada yake alikuwa mkali sana, hasemezeki, na Zamu ilibidi atoke nje, hakujua kama acheke au apige ukuta.

Aliomba likizo tena, ile ya mwaka, hata kidogo tu, akae kando ya kitanda bila sare. Metroni alivua miwani akajifuta macho. "Umetoka msibani juzijuzi, mwanangu. Nitawaambia nini wenzako? Na mgonjwa uko naye hapahapa, unamwona kila saa." Alimwona kila saa, ni kweli. Alimwona akipita na trei, akipita na shuka, akikimbilia kengele ya mtu mwingine. Mama alimfuata kwa macho kutoka dirishani mpaka mlangoni, na Zamu alikuwa hajapata kukaa naye hapo hata muda wa kumkanda mguu mmoja. Kule nyumbani, alipokuwa amekufa, walikuwa wamekaa vizuri zaidi.

Hali ikaanza kuyumba. Mama akawa anachanganya mambo, hewa haimtoshi kichwani. Kaka yake Zamu alipoingia asubuhi moja, mama alimwita kwa jina la mjomba wao aliyefariki, akamwuliza ng'ombe wamerudi. Hawakuwahi kufuga ng'ombe. Zamu aliyaona hayo, na ukitaka kujua aibu ni nini, sikiliza: hakuogopa kwanza kwamba mama anakwenda. Aliogopa kwanza kwamba ulimi utamponyoka mbele za watu.

Asubuhi ileile daktari akapita na msafara wake, Metroni pembeni, Mlingoti na mafaili, Zamu mwisho. Kwa mgonjwa anayechanganyikiwa kuna maswali ya kupima ufahamu, kila daktari anayauliza. Daktari akainama.

"Mama, unajua uko wapi?"

Mama alishika pindo la shuka.

"Leo ni siku gani?"

Mama alitazama dirisha.

Daktari akatafuta mtu wa karibu wa kumwonyesha, akamshika Zamu kiwiko akamvuta mbele. "Na huyu, mama? Huyu ni nani?"

Mama alimtazama Zamu. Midomo ikacheza ndani ya barakoa bila sauti, akakusanya pumzi kama mtu anayekusanya vitu vilivyomwagika, kimoja kimoja. Zamu alisimama, mikono nyuma, kucha zimemwingia kiganjani.

"Mtoto wa dada yangu," mama alisema. Akapumua. "Dada yangu alikufa. Alimwacha huyu."

"Vizuri sana," daktari alisema, akageukia wenzake. "Ufahamu upo." Wakahamia kitanda kinachofuata, na Zamu akahamia nao, maana ndiye aliyekuwa na trei.

Aliporudi kule dirishani mama alikuwa ameshaacha kutazama. Macho yalikuwa wazi, yamelegea, na mkono alipoushika haukushika nyuma. Hakusema neno jingine. Kabla ya chakula cha mchana moyo ukasimama, wakabonyeza kifua, wakabonyeza tena, Zamu akiwa mmoja wa waliobonyeza, mpaka daktari akasema inatosha. Na Zamu hakujua, wala hatajua, kama mama alisema vile kumlinda, kwa akili zake timamu, au kama mwisho wa yote alikuwa ameshauamini ule uongo, akaondoka duniani akijua kwamba hana binti.

Yeye na Mlingoti ndio waliomwosha na kumfunga. Mlingoti, mtu wa mizaha, aliinamisha tu ule urefu wake na kufanya kazi taratibu. Walipomaliza Zamu akaenda kwa Metroni kwenye kabati la dawa.

"Naomba nikazike."

Metroni alimshika mikono. "Nimeona watoto wa kuzaa wasiomhudumia mama yao namna ulivyomhudumia yule. Alikupenda, hata kipofu angeona. Lakini mama mdogo hana likizo, mwanangu. Si mimi, ni wale wa juu. Angekuwa mama yako ningekwambia ondoka sasa hivi, usivue hata sare."

Zamu akapiga moyo konde. "Ni mama yangu."

"Mwanangu."

"Yule pale ni mama yangu mzazi, Metroni. Wakati ule hakufa. Nilidanganya. Amekufa leo."

Metroni aliiachia mikono yake. Alimtazama muda, na uso ule wa huruma ukaanza kukauka, kwanza mdomo, halafu macho.

"Wote wangenifanyia hivi," alisema, "si wewe. Mama yako nimemlilia hapahapa tuliposimama. Leo unamfufua umzike tena upate siku chache? Yule mama wa watu mwenyewe kamwambia daktari wewe ni nani, nimesikia kwa masikio yangu."

"Ni kweli nakwambia."

"Basi. Usiendelee. Nikikuamini nitalazimika kupeleka habari juu, na unajua watafanya nini. Nitajifanya sijasikia, kwa sababu una msiba. Nenda kanawe uso, kitanda cha nne kina dripu inaisha."

Angeweza kuvua sare pale pale akaondoka. Usifikiri hakuwaza. Lakini mwili ulikuwa chumba cha maiti, na usingetolewa mpaka gharama zilipwe au mwenye dhamana awe kazini, na mwenye dhamana alikuwa yeye. Akiacha kazi, mama anabaki kwenye jokofu. Kwa hiyo alikwenda kunawa uso, akabadilisha dripu ya kitanda cha nne, na jioni kaka yake aliondoka na mama kwenye gari la kukodi. Zamu aliwasindikiza mpaka pale ambapo muuguzi aliye zamu anaruhusiwa kufika, kwenye mlango wa kioo.

Kaka alipiga simu baada ya maziko. Zamu alikuwa ametoka zamu, ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mkononi.

"Tumemaliza," kaka alisema. Sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka tu. "Watu walikuwa wengi."

"Waliniulizia?"

"Wote. Wanawake walikusubiri. Walichelewesha mpaka jua likaanza kushuka, wakidhani uko njiani."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia hukupewa ruhusa."

"Wakasemaje?"

"Hawakuamini. Wamesema umejitenga. Wamesema hakuna kazi duniani isiyompa mtu ruhusa ya kumzika mama yake."

Zamu hakuwa na la kuwajibu watu wale, maana walisema kweli. Hospitali ile ilitoa ruhusa ya kumzika mama, tena mara moja, bila maswali, na rambirambi juu. Yeye alikuwa ameshaitumia.